Jinsi ya Kutofautisha Maneno ya Kiingereza Yanayokaribiana Maana: Mwongozo Kamili kwa Anayefikiri kwa Kiswahili

Mtu anayesema "Can you borrow me your pen?" hajapungukiwa msamiati. Neno "borrow" analijua, "pen" analijua, na hata mpangilio wa swali ameupatia. Kilichomwangusha ni kwamba alilipokea "borrow" kama jina la pili la kuazima, na kuazima midomoni mwa wengi huenda pande zote mbili: mimi naazima kalamu kwako, nawe unaniazima kalamu. Kiingereza hakitaki hivyo. Anayepokea ndiye mwenye "borrow", anayetoa ndiye mwenye "lend".

Makosa mengi ya watu wanaokijua Kiingereza kiasi ni ya namna hii. Maneno wanayo, mipaka yake ndiyo hawana. Kuna mahali Kiingereza hugawa jambo mara mbili na Kiswahili hulibeba zima, na kuna mahali mambo ni kinyume. Darasani wengi tuliambiwa tukiweke Kiswahili kando ili Kiingereza kiingie vizuri. Mimi nashauri ukishike, kwa sababu vitenzi vyake hasa vina vipimo vizuri vya kukuonyesha mpaka umepita wapi.

Hatua ya 1: Futa alama ya sawa kwenye daftari lako

Daftari nyingi za msamiati zina safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na alama ya sawa katikati. Alama hiyo ndiyo inayoharibu. Ukiandika kwamba "work" ni kazi, na mistari michache chini ukaandika kwamba "job" ni kazi, umejiaminisha kuwa "work" na "job" ni kitu kimoja. Utakuja kushangaa kwa nini "I have a work" inasahihishwa kila mara.

Andika sentensi fupi kwa kila neno, na maneno yanayogombana yakae ukurasa mmoja:

"I have work to do." Nina kazi za kufanya.
"I have a new job." Nimepata ajira mpya.

Ukizisoma kwa pamoja, tofauti inajitokeza yenyewe. "Work" ni shughuli, haihesabiki. "Job" ni nafasi au kibarua, unaweza kuwa na moja au mbili. "A work" ipo, lakini hiyo ni kazi ya sanaa, kama mchoro au utunzi wa muziki. Kwa kila neno unaloingiza, sentensi ionyeshe nani anatenda, nini kinatendwa, na kihusishi gani hufuatana nalo. Ukiandika "listen" peke yake, "to" yake utaisahau. Ukiandika "listen to the teacher", vimeingia vyote pamoja.

Hatua ya 2: Pima kwa mnyambuliko wa kitenzi

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, kwa hiyo tukae hapa.

Kiswahili hubadilisha mwisho wa kitenzi kuonyesha nani kasababisha na nani kafanyiwa. Kiingereza mara nyingi hakina miisho ya kazi hiyo, hivyo huleta neno jingine kabisa. Kwa hiyo kila unapoona mnyambuliko kwenye sentensi yako ya Kiswahili, shuku kwamba Kiingereza kina kitenzi tofauti.

Anza na kauli ya kutendesha. Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Anayeandika "Please remember me to call him" alitaka "remind me". Tena "remember me to him" ni usemi kamili wenye maana yake: nisalimie huyo bwana. Kukopa ni "borrow" na kukopesha ni "lend". Kwa jozi hii pima kwa kukopa, achana na kuazima kwa sababu kunayumba. Kujifunza ni "learn", kufunza ni "teach", kwa hiyo "he learned me English" haisimami.

Kuinuka na kuinua hufanya kazi hiyohiyo. Kinachoinuka chenyewe, kama moshi au jua, ni "rise". Anayeinua kitu, kama mkono au sauti, ni "raise". Kumbuka tu kwamba "rise" haipokei yambwa, yaani hairukii kitu: huwezi "rise your hand".

Kulala na kulaza zinaingiliana na "lie" na "lay", na hapa Kiingereza kimejitegea mtego chenyewe, maana wakati uliopita wa "lie" ni "lay". "Yesterday I lay on the floor" ni jana nililala sakafuni. "I laid the child on the bed" ni nilimlaza mtoto kitandani. Hata waliozaliwa na lugha hiyo huzichanganya wakizungumza, kwa hiyo usiumie sana. Zikague unapoandika jambo rasmi. Na "lie" ya kudanganya haimo kwenye vurugu hii, yenyewe huwa "lied".

Sasa kauli ya kutendea, na mfano wake bora ni kuiba na kuibia. Unaiba kitu, unamwibia mtu. Kiingereza kimegawa hivyohivyo: "steal" hufuatwa na kitu kilichochukuliwa, "rob" hufuatwa na mtu au mahali palipochukuliwa.

"They stole the money." Waliiba fedha.
"They robbed the bank." Waliiibia benki.

Kwa hiyo "someone robbed my phone" ni kosa, maana simu haikuibiwa kitu. Sema "someone stole my phone", au "I was robbed". Hapa lakini kipimo cha mnyambuliko hakimalizi habari. "Rob" katika sheria hubeba nguvu au vitisho, karibu na kupora. Kama simu ilichomolewa mfukoni bila wewe kujua, "my phone was stolen" ndiyo kauli salama, hasa unapoandika maelezo ya tukio.

Kusema na kuambia ni jozi nyingine ya dhahabu. Jaribu kutamka "niliambia kwamba nimechoka". Sikio linakataa, linauliza: ulimwambia nani? "Tell" ina masharti hayohayo, inadai mtu mara moja: "I told her that I was tired." "Say" haidai mtu, na ukitaka kumtaja lazima upitie kwenye "to": "I said to her." Kwa hiyo "he said me" na "he told that" ni makosa mawili ya mzizi mmoja, na kuambia kunayafichua yote. Isipokuwa vifungu vichache vilivyokauka, ambavyo "tell" haihitaji mtu: "tell the truth", "tell a lie", "tell a story", "tell the time". Hivyo vimeze vizima.

Kushinda ni kitenzi kimoja kwetu, lakini sikiliza yambwa yake. Tumeshinda mechi, tumewashinda. Ukisikia kiambishi cha watu ndani ya kitenzi, yaani ile "wa" au "m", Kiingereza kinataka "beat". Kikifuata kitu, kama mechi, kesi au tuzo, kinataka "win". "We won the match." "We beat them." Ile "we won them" inayosikika sana kwenye mazungumzo ya michezo humaanisha tumewapata kama zawadi.

Kusikia na kusikiliza kunalingana na "hear" na "listen" bila shida. Kuona ni "see", macho yamefika yenyewe. Kutazama ndiko kunagawanyika: "look at" ni kuelekeza macho, hata kwa kitu kilichotulia kama picha, "watch" ni kufuatilia kinachosogea au kinachoweza kubadilika. Unaweza "look at" mtoto aliyelala. Uki-"watch" mtoto huyo, unamlinda.

Kuna mahali kipimo hiki kinagoma kabisa, na bora ujue mapema. Kufanya hakutakusaidia kuchagua kati ya "do" na "make". Watu husema "make" huunda kitu kipya na "do" hutekeleza shughuli, na kanuni hiyo inabeba mifano mingi: "make a decision", "make a plan", "do the cleaning", "do research". Lakini mbona kosa ni "make a mistake" na fadhila ni "do a favour"? Hakuna hesabu inayoeleza hayo yote vizuri. Kila nomino ijifunze pamoja na kitenzi chake.

Hatua ya 3: Tafuta nomino zetu zilizobeba mzigo mkubwa

Upande wa nomino mambo hugeuka. Hapa Kiswahili ndicho hubeba mengi kwa neno moja, na hakuna mnyambuliko wa kukuokoa. Orodha yenyewe si ndefu.

Saa ni mfano mkali. Kipindi cha dakika 60 ni "hour". Kifaa cha ukutani ni "clock", cha mkononi ni "watch". Ukiuliza saa ngapi, unatafuta "time". Ukitaja saa kamili, unaongeza "o'clock", na neno hilo halikai na nusu wala robo: "eight o'clock" ni sawa, "half past eight o'clock" si sawa. Kwa hiyo "How many hours is it?" haiulizi saa. Inauliza jambo litachukua muda gani. Na kwa kuwa sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza na Kiingereza huanzia usiku wa manane na adhuhuri, saa mbili asubuhi ni "eight o'clock". Saa mbili za kusubiri zinabaki "two hours". Mkanganyiko wa miadi mara nyingi huanzia hapo.

Mkono ni "arm" kutoka begani hadi kifundo, na "hand" kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Mguu ni "leg", na sehemu inayokanyaga ni "foot". Kidole cha mkononi ni "finger", cha mguuni ni "toe". Unaweza kuona ni mambo ya watoto wadogo, mpaka ujaze fomu ya matibabu na uandike "broken hand" wakati mfupa uliovunjika uko juu ya kiwiko.

Safari nayo ina "trip", "journey" na "travel". "Trip" ni kwenda na kurudi, pamoja na shughuli ya huko. "Journey" ni mwendo wenyewe kutoka hapa hadi pale, mara nyingi mrefu. "Travel" kama nomino ni jambo la kusafiri kwa ujumla na haina umoja wa kuhesabika, kwa hiyo "I had a good travel" haipo. Kiingereza kimeazima hata neno letu, lakini kimelibana: "safari" yao kwa kawaida ni ile ya kwenda kuona wanyama wa porini. Ukimwandikia mtu kwamba ulikuwa "on safari" ofisi ilipokutuma mkutanoni, atakuuliza kama ulimwona simba.

Hatua ya 4: Kaza macho kwenye maneno ya muda

Kama una nafasi ya kusahihisha jambo moja tu kwenye barua zako za kazi, sahihisha hili. Makosa mengine huchekesha. Haya hukosesha watu tarehe.

Mpaka na hadi hutumika kwetu kwa mambo mawili. Tunasema kaa hapa hadi Ijumaa, na tunasema lete ripoti hadi Ijumaa. Kwa Kiingereza, la kwanza ni "until" na la pili ni "by". "Until" ni jambo linaloendelea bila kukatika mpaka siku ile ifike. "By" ni jambo la mara moja, litokee siku yoyote lakini lisipite siku ile.

Sasa soma sentensi hii kwa macho ya mkuu wako: "I will submit the report until Friday." Anachoona ni mtu atakayekuwa akiwasilisha ripoti, tena na tena, siku baada ya siku, kisha Ijumaa aache. Ulichotaka ni "by Friday". Kipimo ni rahisi: badala ya hadi, weka kufikia au ifikapo. Nitawasilisha ripoti ifikapo Ijumaa. Imekubali, basi ni "by". Nitakaa hapa ifikapo Ijumaa. Imeharibika, basi ni "until".

"Until" yenyewe ina utata hata kwa wenyewe. Tangazo likisema "closed until 10 June", je, tarehe 10 pamefunguliwa au la? Wengine watasoma ndiyo, wengine hapana. Marekani huandika "through June 10" wakimaanisha tarehe 10 imo ndani ya muda wa kufungwa. Uingereza hupendelea "up to and including". Ukiandika wewe, taja siku ya kufungua na shida imekwisha.

Jozi ya pili ni baada ya na ndani ya. Nitarudi baada ya siku mbili, ukihesabu kuanzia sasa, ni "I will be back in two days". Wengi huona "in" wakafikiri ni ndani ya. Ndani ya siku mbili, yaani hata kesho inawezekana, ni "within two days". "After two days" ibakize kwenye masimulizi ya yaliyopita: alikaa, na baada ya siku mbili akaondoka.

"For" na "since" ni nyepesi: "since" ni tangu, inataja mwanzo, "for" ni kwa muda wa, inataja urefu. Ugumu uko kwenye kitenzi. Sisi tunasema ninaishi hapa tangu 2019, wakati uliopo, na inatosha. Kiingereza kinataka "I have lived here since 2019" au "I have been living here since 2019". "I am living here since 2019" ni Kiswahili kilichovaa koti la Kiingereza.

Hatua ya 5: Usiidharau "a"

"I have few friends" ni malalamiko. "I have a few friends" ni taarifa ya kawaida, hata yenye furaha. Herufi moja imegeuza hali ya msemaji. Kipimo ni kadhaa: marafiki kadhaa ni "a few", marafiki wachache mno ni "few". Kwa visivyohesabika mambo ni yaleyale, "little" na "a little". "There is little hope" ni kukata tamaa. "There is a little hope" ni kuendelea kusubiri.

Hapo pia utakutana na nomino ambazo Kiingereza kimekataa kuzihesabu ingawa sisi tunazihesabu kila siku: "information", "advice", "equipment", "furniture", "luggage", "evidence". Hazina "a" mbele wala "s" nyuma. Ushauri mmoja ni "a piece of advice", vifaa vitatu ni "three pieces of equipment". Usitafute mantiki, fanya kama wanavyofanya.

Hatua ya 6: Yanayofanana sura

Orodha za maneno haya zimejaa kila mahali, na kwa maoni yangu zinapewa uzito kuliko zinavyostahili, kwa kuwa kosa la tahajia halipotezi maana kama kosa la "until". Tupite haraka.

"Affect" na "effect" zinakaa kama athiri na athari: ya kwanza kwa kawaida ni kitenzi, ya pili nomino. "Advise" na "advice" vilevile, kushauri na ushauri. "Lose" ni kupoteza, "loose" ni iliyolegea. "Beside" ni kando ya, "besides" ni zaidi ya hayo.

Yanayostahili kusimamishwa ni yale yaliyoongezwa "ly" yakageuka maana. "He works hard" ni anafanya kazi kwa bidii. "He hardly works" ni hafanyi kazi karibu kabisa. Barua ya kumpendekeza mtu ikiteleza hapo, imemmaliza. "Late" ni kuchelewa, "lately" ni siku za karibuni. "Near" ni karibu kwa mahali, "nearly" ni nusura.

Hatua ya 7: Pima uzito, siyo maana tu

Kufa na kufariki zinaeleza tukio moja, lakini hakuna atakayesema mgeni wa heshima amekufa. Kiingereza kina jozi nyingi za namna hiyo, na nyingi zimetokana na historia: mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliitwaa Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na mahakama. Ndiyo maana kuna "buy" na "purchase", "begin" na "commence", "ask" na "enquire". La kwanza ni la kila siku, la pili lenye asili ya Kifaransa limevaa tai. Ukimwambia rafiki "I shall commence my meal", hujakosea sarufi, umekosea hadhira.

Kuna pia maneno yenye sifa na yenye lawama. "Famous" ni maarufu kwa wema au bila hukumu. "Notorious" ni maarufu kwa ubaya. "Slim" ni sifa, "thin" ni maelezo, "skinny" mara nyingi huuma. "Childlike" ni moyo safi wa mtoto, "childish" ni utoto usiofaa kwa mtu mzima.

Na ujue unamwandikia nani. "First floor" Uingereza ni ghorofa ya juu ya ile ya chini. Marekani ni ile ya chini yenyewe. "To table" hoja mkutanoni, Uingereza ni kuileta ijadiliwe, Marekani ni kuiahirisha. Wajumbe wawili wanaweza kukubaliana kwa neno hilo wakiwa wanapingana kabisa.

Hatua ya 8: Hakikisha kwa kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza

Kamusi ya lugha mbili itakurudisha kwenye alama ya sawa. Tumia kamusi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa wanaojifunza, zipo nyingi za bure mtandaoni, na usiishie kwenye fasili. Angalia alama ndogo: C kwa nomino inayohesabika, U kwa isiyohesabika, T kwa kitenzi kinachodai yambwa, I kwa kisichodai. Angalia lebo kama "formal" au "disapproving", hizo ndizo zinazokupa uzito. Kisha soma mifano yote.

Tuchukue "economic" na "economical". Ukisoma fasili peke yake zote zinahusu uchumi na fedha, na unabaki palepale. Nenda kwenye mifano uandike nomino zinazofuata kila neno. Kwa "economic" utapata "growth", "crisis", "policy". Kwa "economical" utapata "car", "engine", na maneno kama "way of heating". Jirani za la kwanza ni mambo ya uchumi wa nchi. Jirani za la pili ni vitu visivyokula sana. Huo ndio mpaka, nawe umeuona kwa macho bila mtu kukukaririsha. Fanya vivyo hivyo kwa "historic" na "historical", kisha kwa "sensible" na "sensitive", na sentensi utakazozipata ziingie kwenye lile daftari lisilo na alama ya sawa.